Pale Mpira Unapokufa, Ndege Isitue

Na Mwandishi Maalumu, Nyakarenzo

ILIKUWA asubuhi ya masika, kipindi cha pili, na ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Mto Rusizi hadi kwenye madirisha ya darasa letu hapa Nyakarenzo. Tukasikia ndege ikishuka kuelekea uwanja wa Kamembe. Kama kawaida, nusu ya darasa iligeuza shingo. Mlio ulishuka, ukakaribia, kisha ghafla injini zikanguruma na ndege ikapanda tena juu. Baada ya muda ikarudi na kufanya vilevile. Mara ya tatu haikurudi. Ilikwenda zake Kigali na abiria wake wote.

"Mwalimu," akauliza mvulana mmoja wa dawati la nyuma, "huyo rubani ameogopa?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilifunga kitabu cha fizikia, nikawaambia wanafunzi waweke kalamu chini, kwa sababu swali hilo ninalo kifuani tangu mwaka 1988 na sikuwahi kuulizwa na mtoto.

Watu wengi wanapofikiria hatari za ndege, hufikiria mambo ya angani: radi, mawingu, injini kuzima. Lakini kwa ndege ndogo, zile zenye injini moja au mbili zinazobeba watu sita, kumi au ishirini kwenda mahali pasipo na lami, adui mkubwa mara nyingi yuko chini. Ni ardhi yenyewe. Hewa haina ujanja mwingi, ila ardhi inaweza kukuonyesha uso mkavu huku tumboni imejaa maji.

Uwanja wa msituni

Mimi ni mtoto wa wakimbizi. Wazazi wangu walitoka Cyangugu mwaka 1959 wakiwa bado wadogo, wakavuka kwenda Kongo pamoja na wazee wao. Baba alisomea uuguzi Bukavu, kisha akapelekwa kufanya kazi katika zahanati ya misheni moja ndani ya msitu, upande wa Shabunda. Huko ndiko nilikoanzia shule, wakati nchi hiyo ikiitwa Zaire.

Anayeijua Shabunda hahitaji kuelezwa habari za barabara yake. Kwenye ramani ilikuwapo. Kwa miguu ilikuwapo kidogo. Kwa gari, ilikuwa ni jina tu. Chumvi, dawa, barua, mishahara ya walimu, hata chaki tulizoandikia, vyote vilishuka kutoka mbinguni katika tumbo la ndege ndogo yenye injini moja. Sisi watoto tuliiita "aviyo", kama wasemavyo watu wa Kivu.

Uwanja wenyewe ulikuwa ni mwanya uliokatwa msituni kwa mapanga na majembe, wenye urefu wa mita 600 hivi. Upande mmoja uliishia kwenye bonde la kijito, upande wa pili kwenye mwinuko wenye michikichi. Udongo wake ulikuwa mwekundu, na juu yake yaliota majani mafupi ambayo mbuzi waliyapenda mno.

Mlio wa ndege uliposikika, kengele ya shule iligongwa. Hiyo ilikuwa ruhusa yetu. Tulitoka mbio darasani, tukajipanga kando ya uwanja kufukuza mbuzi, kuku na watoto wadogo. Tulijiona wafanyakazi wa uwanja wa ndege kweli kweli, ingawa wengi wetu hatukuwa na viatu.

Jioni, uwanja huohuo ulikuwa wetu kwa kandanda. Mpira wa magome ya migomba uliofungwa kwa kamba ulibingirika vizuri kutoka upande wa michikichi mpaka katikati. Hapo katikati palikuwa na sehemu moja, upana wake kama wa darasa, ambapo mvua ikinyesha siku mbili mfululizo mpira ulikuwa hauendi. Unaupiga kwa nguvu zako zote, ukifika pale unakaa. Tulipaita "pale mpira unapokufa". Kila mchezaji alipajua na alipazunguka. Chini yake, nadhani, palikuwa na chemchemi iliyokuwa ikijaa polepole.

Siku moja ya Aprili 1988 ndege iliitwa kwa redio kuja kumchukua mama mmoja, jirani yetu, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku ya pili. Baba alikuwa amefanya yote aliyoweza, na akasema lazima apasuliwe. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Asubuhi hiyo, kwa bahati, jua lilitoka. Aliyekuwa kwenye redio aliutazama uwanja kutoka barazani, akaona majani yamekauka na yanang'aa, akamwambia rubani: uwanja ni mzuri, njoo.

Kengele ikagongwa. Tukakimbia na kujipanga. Ndege ikaja kutoka upande wa michikichi, ikagusa chini vizuri kabisa, ikabingirika. Ilipofika pale mpira unapokufa, gurudumu la mbele likazama. Pua ikainama, panga boi likapiga udongo kwa kishindo, mkia ukapanda juu kama mkia wa bata anayezamia. Kisha kimya.

Rubani alitoka na jeraha la kipaji cha uso. Ndege ilibaki pale wiki kadhaa. Mama yule alibebwa kwa machela na vijana wanane, Baba akiwa mbele yao, kuelekea kwenye hospitali iliyokuwa mwendo wa siku tatu. Alifariki siku ya pili, njiani, na mtoto hakuwahi kuzaliwa.

Baba aliporudi, hakula. Aliniita, akaniuliza kwa Kinyarwanda, lugha yetu ya nyumbani: "Ninyi mnaocheza pale kila siku, hamkujua kwamba pameloa?"

"Tulijua, Baba."

"Mbona hamkusema?"

"Hakuna aliyetuuliza."

Hakunipiga wala hakunigombeza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia nikalale.

Theluji juu, maji chini

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu nchini kwetu, nilipata kusoma jinsi marubani wa nchi za baridi wanavyotua juu ya maziwa yaliyoganda. Nilitegemea kusoma habari za ulimwengu mwingine. Badala yake nikaukuta uwanja wetu wa msituni.

Huko Alaska, Kanada na Antaktika, magurudumu hayafai kitu juu ya theluji nene, kwa sababu yanazama. Kwa hiyo ndege ndogo hufungwa skii, yaani vibao virefu na vipana vilivyopinda mbele kama pua ya mtumbwi, ili uzito wa ndege utawanyike. Ni akili ileile ya mtu anayelaza ubao juu ya matope ili apite bila kuzama.

Skii zinaondoa tatizo moja na kuleta mengine. La kwanza, hazina breki. Ndege ikishagusa barafu ngumu, itateleza mpaka msuguano uichoshe yenyewe. Rubani akikosea kipimo, anachoweza kufanya ni kungoja na kuomba.

La pili ni kinyume cha la kwanza. Skii zinapoteleza, msuguano huyeyusha theluji kidogo chini yake. Ndege ikisimama, maji hayo huganda tena, na skii hushikamana na barafu kama vile zimepigwa gundi. Rubani anaweza kutua salama, akanywa chai, akarudi na kukuta ndege haitoki hata injini ikinguruma kwa nguvu zote. Ndiyo maana wazoefu huegesha ndege juu ya matawi ya miti au vipande vya mbao.

La tatu ndilo lililonifanya niweke kitabu chini. Ziwa lililoganda likipata theluji nyingi, uzito wa theluji huikandamiza barafu. Barafu hupasuka hapa na pale, na maji ya chini hupanda kupitia nyufa na kutuama juu ya barafu, chini ya theluji. Theluji hiyo huyafunika kama blanketi, kwa hiyo hayagandi hata baridi ikiwa kali namna gani. Ukitazama kutoka angani unaona shuka jeupe, safi, lisilo na doa. Ndege ikitua, skii hupenya theluji na kuzama kwenye uji wa maji na barafu. Ikisimama hapo, uji huo huganda juu ya skii, na mara nyingi safari huwa imekwishia hapo.

Juu pakavu, chini maji. Kwa kweli nilisikia kengele ya shule yetu ikigongwa.

Marubani wa huko wamejifunza namna ya kuihoji theluji kabla ya kuiamini. Hushuka, wakagusa theluji kwa skii huku injini ikiwa bado na nguvu na mabawa bado yanabeba uzito, wakachora mistari miwili mirefu, kisha wakapanda tena bila kusimama. Halafu huzunguka na kuitazama ile mistari. Ikibaki myeupe, kuna matumaini. Ikigeuka kuwa ya kijivu au nyeusi, maana yake maji yamepanda, na rubani mwenye busara huondoka akatafute mahali pengine.

Kuna pia hatari ya macho. Siku ya mawingu, theluji na anga huwa rangi moja. Hakuna kivuli wala upeo. Rubani anaweza kudhani yuko mita 30 juu kumbe ameshafika chini. Dawa yao ni rahisi: hutua karibu na ufuko wenye miti ili jicho lipate cha kushika, na wengine hudondosha matawi ya miti au mifuko yenye rangi nzito juu ya theluji ili wapate alama.

Juu ya mito ya barafu ya milimani, hutua wakipanda mlima na kuruka wakiteremka. Mlima ndio breki yao, na mteremko ndio msukumo wao. Msomaji aliyepata kuona ndege ndogo ikitua kwenye viwanja vya milima ya Kivu atatambua mchezo huohuo.

Historia inaonyesha faida ya ujuzi huo. Novemba 1946, ndege ya Marekani aina ya Dakota ilianguka juu ya mto wa barafu wa Gauli katika milima ya Uswisi ikiwa na watu 12. Marubani wa Uswisi walifunga skii kwenye ndege ndogo mbili aina ya Storch, wakatua juu ya barafu hiyo na kuwatoa wote 12 wakiwa hai. Juni 2016, katikati ya usiku mrefu wa majira ya baridi ya Ncha ya Kusini, ndege aina ya Twin Otter yenye skii ilitua huko na kuwatoa wafanyakazi wawili wagonjwa wa kituo cha utafiti cha Marekani.

Twin Otter hiyohiyo, ikivaa magurudumu badala ya skii, ndiyo ambayo kwa miaka mingi imebeba watalii kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda kwenye viwanja vya udongo vya Maasai Mara. Chombo ni kilekile. Kinachobadilika ni viatu vyake na ardhi inayovikanyaga.

Hesabu ya majani mabichi

Wanafunzi wangu waliposikia habari za barafu, mmoja alisema, "Basi sisi tuna bahati, Mwalimu. Huku hakuna barafu." Nikamwita ubaoni.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza iliwahi kutoa mwongozo kwa marubani wa ndege ndogo kuhusu umbali ambao ndege huhitaji ili isimame. Mwongozo huo unasema kwamba majani yaliyoloa huongeza umbali wa kutua kwa asilimia 35. Majani yakiwa mafupi sana, yameloa, na udongo wa chini ni mgumu, umbali unaweza kuongezeka hadi asilimia 60, kwa sababu tairi huteleza badala ya kushika. Aidha, kila mita 300 za mwinuko kutoka usawa wa bahari huongeza kama asilimia 5, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na ndege huingia ikiwa na kasi zaidi.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue ndege ambayo kitabu chake kinasema inahitaji mita 400 kutua kwenye njia kavu na ngumu iliyo usawa wa bahari. Tuilete kwenye uwanja wa majani mafupi yaliyoloa: mita 640. Tuupandishe uwanja huo hadi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu na kimo cha Kamembe: mita 800. Na kwa kuwa mwongozo huohuo unashauri kuzidisha kwa 1.43 kama akiba ya usalama, tunapata mita 1,144.

Kitabu kilisema 400. Uwanja wetu wa msituni ulikuwa na 600.

Yule mwanafunzi aliitazama hesabu yake mwenyewe ubaoni, akasema polepole, "Kumbe majani ndiyo barafu yetu." Sikuwa na la kuongeza. Mbuzi waliokuwa wakiyala majani ya uwanja wetu mpaka yakawa mafupi kama zulia, tuliwaona wasaidizi. Kumbe siku ya mvua walikuwa wanatutengenezea utelezi.

Matope yana hesabu yake pia, na ni mbaya zaidi kwa sababu haihesabiki. Utelezi hukunyima breki. Matope hukupa breki usiyoiomba, mahali usipopataka. Ndege yenye gurudumu la mbele, likizama ghafla wakati magurudumu ya nyuma yanabingirika, haina njia ila kuinamisha pua. Hapo haiulizwi tena njia ina urefu gani.

Mawe ya Goma, lami ya Walikale

Eneo letu la Maziwa Makuu lina mifano ya kutosha ya ardhi inayobadilika chini ya marubani. Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na mto wa lava ukapita katikati ya jiji la Goma. Ulipopoa na kuganda, ulikuwa umefunika karibu theluthi moja ya njia ya ndege upande wa kaskazini. Ziwa lililoganda la Alaska huyeyuka majira ya joto yakija. Ziwa hili la mawe halikuyeyuka. Kwa miaka mingi baadaye ndege zilitumia kipande kilichobaki, na rubani aliyechelewa kugusa chini alikuwa na ukuta wa mawe mbele yake.

Aprili 15, 2008, ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kuruka kutoka uwanja huo, ikapita mwisho wa njia na kuingia mtaa wa Birere wenye soko na nyumba zilizobanana. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa watu wa chini: wachuuzi, wanunuzi, wapita njia. Novemba 2009, ndege nyingine ya abiria iliyokuwa ikitua kwenye njia hiyohiyo ilishindwa kusimama, ikaingia kwenye mawe ya lava. Ndege hizo si ndogo, lakini somo ni moja. Njia ikiwa fupi, kosa dogo linakosa pa kusimamia.

Huko Walikale, katika miaka ya 2000, marubani walipata jibu la ajabu kwa tatizo la matope. Walitua barabarani. Karibu na Kilambo palikuwa na kipande cha barabara ya lami kilichonyooka, na ndege ndogo za mizigo zilizoundwa enzi za Umoja wa Kisovieti na Chekoslovakia zilishuka hapo kuchukua madini ya bati yaliyobebwa kwa vichwa kutoka machimbo ya Bisie. Ndege ilipokaribia, askari waliwazuia watu na pikipiki, ndege ikatua, ikapakiwa, ikaruka, na barabara ikarudi kuwa barabara.

Mtu anaweza kuwalaumu marubani hao kwa uchu wa fedha, na pengine ni haki. Lakini mimi naona jambo jingine. Palipokuwa na lami ngumu, hata kama ni nyembamba na ina watu, waliiona afadhali kuliko uwanja wa udongo. Walijua ni kipi kinachoua haraka.

Vita vilipofika Goma Januari 2025 na uwanja wa Kavumu, karibu na Bukavu, mwezi uliofuata, safari za kawaida za ndege katika viwanja hivyo viwili vikubwa vya Kivu zilisimama. Sisi tulio ng'ambo hii ya Rusizi tuliliona hilo kwa masikio: anga lilinyamaza. Viwanja vikubwa vinapofungwa, mzigo wa kuokoa watu huangukia vile vidogo vya majani, ambavyo havina mnara wala mtu wa hali ya hewa. Vina wanakijiji tu.

Wa kuulizwa ni nani?

Hapo ndipo ninapotaka kumfikisha msomaji. Katika uwanja mkubwa, rubani huambiwa na mnara kila anachohitaji: upepo, mvua, hali ya njia. Katika uwanja wa kijijini, mnara ni mtu aliyesimama kando ya majani. Anaweza kuwa muuguzi, katekista, mwalimu au mchunga mbuzi. Neno lake moja, "pazuri" au "pabaya", lina uzito kuliko vyombo vyote vilivyo mbele ya rubani.

Huduma ya madaktari warukao ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji na kuweka makao yake Nairobi, ilijenga mtandao wa redio ulioziunganisha hospitali na zahanati za mbali. Watu husifu ndege za huduma hiyo, na ni haki yao. Lakini ndege bila redio ingekuwa kipofu. Aliyeko upande wa pili wa redio ndiye jicho.

Jicho hilo lazima lifundishwe. Kutazama kutoka barazani hakutoshi, kama tulivyoona. Uwanja lazima utembewe, kutoka mwisho hadi mwisho, siku ileile, saa ileile. Piga kisigino chini kila baada ya hatua kumi. Kikizama, weka alama. Penye njia ya gari, mzee mmoja rubani aliwahi kuniambia, aendeshe mtu gari uwanjani kwa mwendo wa wastani. Likiyumba au kuacha mifereji mirefu, ndege isiitwe. Lipimwe pia eneo la katikati, ambalo wengi hulisahau kwa sababu hutazama miisho miwili tu.

Na waulizwe wanaolitumia. Huko kaskazini ya dunia, rubani mgeni anayetaka kutua kwenye ziwa huwauliza kwanza wavuvi na wawindaji wanaopita juu ya barafu hiyo kila siku. Wao wanajua mkondo unapita wapi na barafu ni nyembamba wapi. Wanajua kwamba barafu angavu ya sentimita 10 hubeba mtu mmoja, na kwamba barafu nyeupe yenye mapovu ina kama nusu tu ya nguvu hiyo. Kwetu, wanaojua ni watoto wanaocheza kandanda. Kuuliza si ujinga, na hata kumuuliza mtoto si aibu.

Teknolojia nayo imeleta jibu lake. Tangu Oktoba 2016, ndege zisizo na rubani za Zipline hupeleka damu katika hospitali za nchi yetu, zikianzia kituo cha Muhanga. Hazitui kabisa hospitalini. Hushuka kidogo, zikadondosha kifurushi kwa mwavuli mdogo, zikaenda zao. Aliyebuni hilo alielewa kwamba namna bora ya kushinda hatari ya kutua ni kutotua. Ninapoliona jambo hilo hunifurahisha, halafu huniuma, kwa sababu chupa ya damu inaweza kushushwa kwa mwavuli, lakini mama mwenye uchungu wa siku mbili hawezi kupandishwa kwa mwavuli. Bado atahitaji ndege iguse chini.

Jibu la swali

Nilirudi kwa yule mvulana wa dawati la nyuma. Nilimwambia hivi: rubani yule wa asubuhi alikuwa na abiria wenye haraka, mafuta yanayopungua na watu wanaomsubiri chini. Kila kitu kilikuwa kinamwambia atue. Yeye akaitazama njia mara mbili, hakuridhika, akaondoka. Sijui kama aliogopa. Najua alifanya kazi yake. Waliokuwa na miadi Kamembe siku hiyo walichelewa, na jioni walikuwa wanapiga simu nyumbani kulalamika. Wanaolalamika wako hai.

Baba alifariki miaka mingi baada ya sisi kuvuka daraja la Rusizi na kurudi nyumbani mwishoni mwa 1994. Hakuwahi kunitajia tena habari za mama yule. Lakini aliacha tabia moja ambayo majirani hapa Nyakarenzo walimcheka kwayo. Kabla ya kufanya jambo lolote kubwa, kuchimba msingi, kuhamisha ng'ombe, kumpeleka mgonjwa usiku, alikuwa akigeuka na kuwauliza watoto: "Ninyi mmeona nini?"

Wiki ile ya ukungu niliwapa wanafunzi wangu kazi ya nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Niliwaambia watoke na mpira, wauchezee kwenye kiwanja cha shule, na waniletee ramani ya mahali mpira unapokufa. Walileta sehemu tatu. Mojawapo ilikuwa mbele kabisa ya ofisi ya walimu, mahali ambapo mimi mwenyewe, kwa miaka kumi na zaidi, ningeapa kwamba ni pakavu.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari wilayani Rusizi.